Grafu za Uhusiano: Chagua kwa Kutazama Vigeu, Siyo Rangi

Miezi hii ofisi yetu ya takwimu hapa Kigoma imekuwa ikipokea malalamiko ya aina moja. Mwananchi anafika na simu mkononi, anafungua grafu aliyotumiwa kwenye kundi la WhatsApp la mtaa au la kata, anauliza: hii ni ya kwenu? Mara nyingi si yetu. Lakini mara nyingi pia namba zilizomo ni za kweli, zimetoka kwenye machapisho ya umma, na aliyezichora hakuwa na nia mbaya. Kilichoharibika ni mchoro wenyewe. Vitu viwili vimewekwa pamoja kwenye umbo lisilovifaa, na msomaji akaondoka na hitimisho ambalo namba hazikulisema.

Makala hii inawalenga wanaochora: watendaji wa kata, walimu, viongozi wa vikundi vya wavuvi na wakulima, waandishi wa habari, na wanafunzi wa vyuo wanaoandaa ripoti. Namna ya kutafuta wastani na asilimia sitaieleza, hayo ni ya shule ya msingi. Nazungumzia grafu za uhusiano, yaani zile zinazotaka kuonyesha kwamba hiki kikibadilika na kile nacho hubadilika.

Kabla ya kuwasha kompyuta, andika vigeu vyako viwili kwenye karatasi, yaani vile vitu viwili vinavyobadilika unavyotaka kuvihusisha, na mbele ya kila kimoja andika kama ni namba inayopimwa (kilo, umri, milimita za mvua) au ni kundi (kata, zao, jinsi). Kundi na namba vinataka grafu ya nguzo. Namba inayofuatana na muda inataka grafu ya mstari. Namba kwa namba inataka grafu ya nukta, ambapo kila nukta ni kaya moja, mtumbwi mmoja au siku moja. Kundi kwa kundi, jedwali linatosha. Kigeu unachodhani ndicho kinachotangulia hukaa chini kwenye mstari wa mlalo, na kinachofuata kwenye mstari wa wima. Grafu ya duara haionyeshi uhusiano wa vigeu viwili hata kidogo. Inaonyesha mgawanyo wa kitu kimoja kizima. Hili limesemwa kwenye semina nyingi, na bado zinaletwa ripoti zenye maduara mawili ubavu kwa ubavu, moja la mvua na moja la mavuno, halafu msomaji anaambiwa alinganishe. Atalinganisha nini?

Nichukue mfano wa dagaa, maana hapa kwetu hauhitaji utangulizi. Aliyekulia Kibirizi, Katonga au Ujiji anajua kwamba uvuvi wa dagaa unategemea giza. Taa huwavuta dagaa juu usiku, na mwezi ukiwa mpevu nuru ya taa inamezwa na mbalamwezi, mitumbwi mingi ikabaki ufukweni. Sasa tuseme kiongozi wa kikundi ana daftari la mwalo, pale samaki wanaposhushwa, la miaka mitatu, kilo zilizopokelewa kila siku. Anachora grafu ya nukta, mstari wa chini anaweka tarehe za kalenda, 1 hadi 31. Atapata nukta zilizotapakaa bila mpangilio wowote, na atasema mwezi hauna uhusiano na dagaa. Tatizo ni kwamba mwezi mwandamo una siku 29 na nusu hivi. Usiku wa mwezi mpevu hauangukii tarehe ileile. Kwa mwaka unarudi nyuma kama siku 11, kwa sababu ileile inayoirudisha nyuma Ramadhani, na katika miaka mitatu unakuwa umepita tarehe zote.

Kilo zilezile, daftari lilelile, abadilishe mstari wa chini tu. Aondoe tarehe ya kalenda, aweke siku ya mwezi mwandamo, ile hesabu ambayo wazee wa Ujiji wanayo kichwani bila kuuliza. Kwa jinsi uvuvi wa taa ulivyo, nukta zitajipanga: juu mwanzoni mwa mwezi, zinashuka kuelekea siku ya 14 na 15, kisha zinapanda tena mwezi unapopungua. Uhusiano ulikuwepo siku zote. Aliyechora alikuwa amepima kigeu kisicho chenyewe.

Twende mbele kidogo, maana hapa wanafunzi wengi wanaanguka. Nukta hizo zilizojipanga ukiziingiza kwenye programu na kuiomba kipimo cha uhusiano, ile namba iliyo kati ya -1 na 1, unaweza kupewa jibu linalokaribia 0. Programu haijakosea. Kipimo hicho hupima uhusiano wa mstari ulionyooka, na hapa kushuka kwa nusu ya kwanza kunafutwa na kupanda kwa nusu ya pili. Anayeandika "kipimo ni 0, hakuna uhusiano" bila kuchora kwanza anawaambia wavuvi jambo ambalo kila mmoja wao anajua si kweli, kisha anashangaa kwa nini hawaziamini takwimu.

Mtakwimu wa Uingereza, Francis Anscombe, alilionyesha hili mwaka 1973 kwa mafungu manne ya namba, kila fungu jozi 11. Yote manne yana wastani uleule, 9 kwa kigeu cha kwanza na 7.5 kwa cha pili, na kipimo cha uhusiano kilekile cha karibu 0.82. Ukiyachora, la kwanza ni nukta zinazouzunguka mstari, la pili ni upinde, la tatu ni mstari ulionyooka wenye nukta moja iliyochomoka, na la nne ni nukta zilizosimama wima pamoja na moja iliyo mbali, ambayo peke yake ndiyo iliyotengeneza uhusiano wote. Kwa hiyo chora kwanza, kokotoa baadaye. Programu za siku hizi zinafanya vyote kwa dakika moja, hakuna udhuru.

Kuhusu mstari wa wima kuanzia sifuri, ieleweke hivi, kwa kuwa ndilo jambo tunalolalamikiwa kuliko yote. Grafu ya nguzo ni lazima ianzie sifuri, kwa kuwa msomaji analinganisha urefu wa nguzo. Ukikata chini, tuseme uanzie 85, nguzo ya 95 itaonekana mara mbili ya nguzo ya 90, na hapo umepotosha hata kama hukukusudia. Grafu ya mstari haina lazima hiyo, kwa kuwa msomaji anatazama mwinuko. Maji ya Ziwa Tanganyika yalipopanda na kuwafikia watu majumbani mwambaoni, kuna waliosema kwamba grafu zisizoanzia sifuri ni "za kutisha watu". Si kweli. Uso wa ziwa uko zaidi ya mita 770 juu ya usawa wa bahari. Grafu ya kuanzia sifuri ingeonyesha mstari uliolala kama meza, wakati mita moja au mbili zilitosha kuingiza maji sebuleni. Kinachotakiwa ni mstari wa wima uandikwe wazi unaanzia wapi na kipimo chake ni nini. Basi.

Nafasi kwenye mstari wa muda nazo zina utaratibu wake. Sensa zetu tangu uhuru zilifanyika 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Hazikupishana sawa: kati ya 1988 na 2002 kuna miaka 14. Watu wengi huandika miaka hiyo sita kwa nafasi sawa, kwa sababu programu inaisoma kama majina, siyo kama namba. Taifa lilikuwa na watu milioni 23 hivi mwaka 1988, milioni 34.4 mwaka 2002 na milioni 44.9 mwaka 2012. Kwa nafasi sawa, kipande cha 1988 hadi 2002 kinaonekana kupanda kwa kasi kuliko kinachofuata. Ukigawa kwa miaka, kipande cha kwanza ni watu laki nane hivi kwa mwaka, na cha pili ni zaidi ya milioni moja. Grafu imegeuza ukweli, na kila namba iliyomo ni sahihi.

Tahadhari nyingine ni idadi ya watu kujificha nyuma ya vigeu. Kata zenye zahanati nyingi zinaonyesha wagonjwa wengi, na mtu akizichorea nukta atapata mstari mzuri unaopanda. Zahanati hazileti ugonjwa. Kata kubwa ina watu wengi, kwa hiyo ina zahanati nyingi na wagonjwa wengi. Ndivyo ilivyo pia kwa wanaoulinganisha mkoa wetu na jirani zetu wa Tabora kwa namba tupu. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 2,470,967 Kigoma na 3,391,679 Tabora. Weka "kwa kila watu 1,000" kwanza, ndipo uchore.

Mwaka 2024 ziwa lilifungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti. Anayetaka kuonyesha uhusiano wa kufungwa huko na bei ya dagaa sokoni asichore Aprili hadi Septemba ya mwaka huo pekee na kuweka mshale. Miezi ya kufungwa huko ndiyo ya kiangazi kwetu, pepo za kusini zinavuma, na upatikanaji wa dagaa hubadilika hata ziwa likiwa wazi. Achore mistari miwili juu ya miezi ileile, mmoja wa 2024 na mwingine wa mwaka ambao ziwa halikufungwa. Tofauti kati ya mistari hiyo ndiyo inayostahili kuzungumzwa, na hata hapo aandike "vimekwenda pamoja" badala ya "imesababisha", mpaka awe na ushahidi mwingine.

Sasa taratibu. Zinawahusu wote, na tunaomba zisomwe kwa utulivu. Sheria ya Takwimu, Sura 351, ilitungwa mwaka 2015 na kufanyiwa marekebisho mwaka 2018 na 2019. Wapo wanaoamini hadi leo kwamba raia akichora grafu yake anakamatwa. Hapana. Marekebisho ya 2019 yaliweka wazi kwamba mtu ana haki ya kukusanya na kusambaza takwimu zake. Asichopaswa kufanya ni kuziita takwimu rasmi. Namba zikiwa zako, andika chini ya grafu kwamba ni zako, ulizikusanya lini, wapi, kwa njia gani, na kutoka kwa watu wangapi. Namba zikiwa za Ofisi ya Taifa ya Takwimu, taja chapisho na mwaka wake, na usibadilishe tarakimu. Ukizikokotoa upya, kwa mfano kuzigawa kwa idadi ya watu, sema kwamba ukokotoaji ni wako.

Grafu ya nukta ina hatari ambayo nguzo hazina, nayo ni kwamba kila nukta ina mwenyewe. Ukichora mapato ya kaya 40 za kijiji kimoja cha Uvinza, ile nukta iliyo juu kabisa upande wa kulia haitawahangaisha wanakijiji hata nusu dakika; watamtaja kwa jina. Taarifa za mtu mmoja mmoja zilizokusanywa kitakwimu ni siri kisheria. Karani huapa kuzitunza, na akizitoa anakabiliwa na faini au kifungo, au vyote viwili. Aidha, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, inawagusa hata wasio watumishi wa serikali, vikiwemo vikundi na asasi zinazotunza orodha za wanachama, nayo ina adhabu zake za faini na kifungo. Kwa eneo dogo, changanya vijiji kadhaa, au weka kaya kwenye madaraja ya mapato na uchore nguzo. Kufuta majina peke yake hakutoshi.

Anayehitaji takwimu za mkoa ambazo hazijachapishwa alete barua inayoeleza yeye ni nani, anataka takwimu zipi, za eneo gani na mwaka gani, na za kazi gani. Anayelalamikia grafu alete grafu nzima, siyo kipande kilichokatwa kwenye simu, pamoja na jedwali la namba ilikotoka kama analo. Bila jedwali tunaweza kusema mchoro una kasoro. Hatuwezi kusema namba ni za uongo.