Ulifukuzwa kazi zamani? Soma cheti chako kabla ya kununua kingine

“Maître, cheti changu cha kumaliza kazi kinaonyesha nilifukuzwa. Patroni mpya akikiona, nimekwisha.” Maneno haya mimi mwanasheria nayasikia hapa Lubumbashi, Kongo, kila kampuni za madini na wakandarasi wao wanapopunguza watu. Nikiomba nikione hicho cheti, mara nyingi mwenyewe hajawahi kukisoma mpaka chini.

Kifungu cha 79 cha Sheria ya Kazi ya Kongo, ile namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, kinataja yanayoandikwa kwenye cheti hicho: aina ya kazi uliyofanya, muda wake, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, na namba yako ya bima ya jamii. Basi. Kuongeza neno lingine lolote kumekatazwa, si “mvivu”, si “amefukuzwa”. Tena unapaswa kukipata ndani ya siku 2 za kazi baada ya mkataba kuisha, hata kama mliachana kwa matusi. Patroni akikataa kukitoa, au akiongeza lake, nenda Inspection du Travail, ofisi ya serikali ya ukaguzi wa kazi. Usiende kwa fundi wa mihuri.

Maana huko ndiko watu wanakokimbilia! Wanaacha cheti safi kwenye droo, wanatengenezewa kingine chenye tarehe zilizovutwa ili kuziba miezi waliyokaa bila kazi. Kimoja niliwekewa mezani: kimeandikwa mwaka 2021, muhuri wa bluu unang’aa, ila chini ya jina la kampuni pamesomeka “Province du Katanga”. Mkoa wa Katanga uligawanywa mwaka 2015, haupo tena. Mtu wa biro ya wafanyakazi akiona hivyo anashika simu. Na hata muhuri ungekuwa sawa, michango yako ya CNSS, mfuko wa bima ya jamii, inatangazwa na mwajiri, kwa hiyo tarehe za kweli zipo mahali pengine.

Angalieni hesabu yenyewe. Kufukuzwa na patroni wa zamani si kosa mbele ya patroni wa sasa. Cheti cha kughushi ni udanganyifu, na udanganyifu unaingia kwenye kosa zito, faute lourde, linalomtoa mtu bila preavi, yaani bila siku za taarifa kabla ya kuachishwa. Umenunua kwa pesa yako sababu ya kufukuzwa ambayo hukuwa nayo.

“Basi niende nikamwambie patroni kila kitu?” Hapana. Sheria ya Kazi haina kifungu kinachokutuma ukaungame kwa mtu ambaye hakukuuliza. Lakini akiuliza, au fomu ikiwa na mstari wa sababu ya kuacha kazi, jibu ukweli kwa sentensi mbili, bila kumtukana patroni wa zamani. Na ukisikia mkubwa wako wa zamani anakuja kuwa mkubwa wako kwenye kazi mpya pia, mtangulie: ingia biro ya wafanyakazi, sema kwa mdomo, onyesha cheti. Barua za kurasa tatu za kuomba msamaha mnazoniletea nizisahihishe, mimi nazichana.

“Nilipewa preavi, kwa hiyo nilifukuzwa kwa kosa zito.” Ni kinyume chake: kosa zito halina preavi. Ukiachishwa na mwajiri, preavi ni siku 14 za kazi, na 7 juu yake kwa kila mwaka uliotimiza. Aliyefanya miaka 4 anapata 42, isipokuwa mkataba au makubaliano ya pamoja yampe zaidi. Kama barua yako inasema nafasi imefutwa kwa mahitaji ya kampuni, sema hivyo hivyo. Wengine wanajiita “waliofukuzwa” wakati barua haijasema hivyo.

“Casier judiciaire itanisaliti.” Ile ni rekodi ya makosa ya jinai, inaandika hukumu za mahakama. Kama hukuhukumiwa, ugomvi wako na patroni haumo.