Ukuta Usio na Paa: Namna Magofu ya Kilwa Yanavyotunzwa

Mgeni anayefika Kilwa Kisiwani kwa mara ya kwanza huuliza jengo fulani lilijengwa lini na nani aliyelijenga, na maswali hayo yana majibu mazuri. Msikiti Mkuu ulianzishwa katika karne ya 11 na kupanuliwa sana mwanzoni mwa karne ya 14, wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, ambaye pia anahusishwa na jumba la Husuni Kubwa lenye vyumba zaidi ya 100 na bwawa la pembe nane. Ibn Battuta aliuona mji huu mwaka 1331 ulipokuwa ukitajirika kwa dhahabu iliyopitia Sofala, bandari iliyopo Msumbiji ya leo, na Wareno waliuvamia mwaka 1505. Mimi ninayefanya kazi ya uhifadhi wa majengo ya mawe ninalazimika kuuliza jambo jingine kabla ya hayo yote: maji ya masika yaliyopita yalipita wapi?

Gofu lina matatizo ambayo jengo lililozeeka halina. Waashi wa Kilwa walijenga ukuta wakijua kwamba juu yake kutakuwa na paa bapa la chokaa na vipande vya matumbawe, lililobebwa na boriti za mikoko, na kwamba pande zake zitapakwa lipu ambayo wenye nyumba wataipaka upya kila itakapochakaa. Kati ya nyuso mbili za ukuta zilizopangwa kwa uangalifu walijaza mawe madogo na chokaa iliyochanganywa na mchanga, na sehemu hiyo ya ndani haikukusudiwa kuona jua wala mvua hata siku moja. Boriti zilipooza na paa likaanguka, sehemu hiyo ndiyo iliyobaki wazi juu, na maji yakaanza kushuka humo yakichukua chokaa kidogo kidogo, hadi mawe yakabaki yamepangana tu bila kitu cha kuyashika. Ukuta wa namna hiyo huweza kusimama miaka mingi ukionekana mzima, kisha ukavimba ubavu mmoja na kuporomoka baada ya mvua ya usiku mmoja.

Ndiyo maana kazi ya kwanza na ya lazima hufanyika juu ya kuta, mahali ambapo aliyesimama chini hapaoni. Huondolewa majani na udongo uliojikusanya, mianya hujazwa chokaa mpya ikishindiliwa kwa vipande vya mawe, na mwisho huwekwa tabaka la chokaa lenye mgongo ili maji yateleze pande zote mbili badala ya kutuama. Kazi hiyo haitoi picha ya kuvutia ya kabla na baada, na ninaamini hilo ni mojawapo ya mambo yanayofanya iwe vigumu kuipatia fedha, ingawa ndiyo inayoamua kama ukuta utakuwepo baada ya miaka 20.

Kwa nini chokaa, na si saruji ambayo inauzwa kila duka la vifaa vya ujenzi? Tumbawe likichomwa katika joto la nyuzi 900 hivi za Selsiasi hupoteza hewa ya kaboni iliyomo ndani yake na kubaki chokaa kali, ambayo ikitiwa maji huchemka kwa nguvu na kuwa uji mzito mweupe. Uji huo ukichanganywa na mchanga na kujengewa, hufyonza tena hewa ile ile ya kaboni kutoka angani, polepole sana, mpaka urudi kuwa jiwe la asili ile ile. Kwa hiyo jiwe na chokaa inayoliunganisha ni ndugu: hutanuka na kunywea karibu sawa, na unyevu uliomo ukutani hupata njia ya kutokea kwenye chokaa, ambayo ni laini kuliko jiwe na inaweza kubadilishwa ikichakaa.

Saruji haina tabia hiyo. Ni ngumu kuliko tumbawe, inazuia unyevu, na mara nyingi huja na chumvi zake zinazoyeyuka. Nyufa za ukuta wa matumbawe zikizibwa kwa saruji, maji yaliyoingia kwa juu au yaliyopanda kutoka ardhini hayana pa kutokea isipokuwa kwenye jiwe lenyewe. Yanapokauka karibu na uso wa jiwe huacha chumvi, chumvi hugeuka fuwele ndani ya vitundu vya tumbawe, na fuwele hizo zinapokua husukuma vitundu hadi jiwe likawa unga unaofutika kwa kiganja. Katika majengo mengi ya pwani yetu matokeo yake yanaonekana waziwazi: saruji imebaki imara, imechomoza nje kwa vidole viwili, na jiwe lililokusudiwa kulindwa limeliwa pande zote.

Walioitumia hawakuwa wazembe. Hati ya Athens ya mwaka 1931, mwongozo wa mwanzo wa kimataifa kuhusu majengo ya kihistoria, iliidhinisha zege yenye nondo kwa ajili ya kuimarisha majengo hayo, na wataalamu wengi waliamini kwamba kilicho kigumu zaidi ndicho kinachodumu zaidi. Katika mji huo huo wa Athens, kwenye Akropolisi, kilima chenye mahekalu ya kale, mhandisi Nikolaos Balanos alikuwa akiunganisha mawe ya marumaru kwa vyuma vilivyoachwa bila kinga, ilhali mafundi wa kale waliokuwa wameyajenga mahekalu hayo walivizungushia vyuma vyao madini ya risasi. Vyuma vipya vilishika kutu, vikavimba, vikapasua marumaru, na kamati iliyoundwa mwaka 1975 ikalazimika kusimamia kazi ya miaka mingi ya kuvitoa na kuweka vya titani. Mimi huona katika kisa hicho sababu ya kutosha ya kudai kwamba kila tunachoongeza kwenye jengo la kale kiwe dhaifu kidogo kuliko jengo lenyewe, na kiweze kuondolewa bila kulijeruhi.

Chokaa nayo ina masharti. Mchanga wa ufukweni, ulio karibu na usio na gharama, una chumvi, na ukitumika bila kuoshwa kwa maji yasiyo na chumvi unaingiza ukutani adui yule yule tunayemkimbia. Visiwani maji ya visima vingi yana chumvichumvi pia, kwa hiyo maji ya kazi yanahitaji kufikiriwa mapema kama yanavyofikiriwa mawe. Lipu mpya ikikaushwa na jua kali kabla haijafyonza hewa ya kutosha hupasuka na kuwa unga, na ikinyeshewa mapema huoshwa. Msimu unaofaa ni kipupwe, baada ya masika kwisha, na hata hapo kazi ya siku hufunikwa kwa magunia yaliyoloweshwa na kunyunyiziwa maji kwa siku kadhaa. Fundi aliyezoea saruji, ambaye amefundishwa kwamba kazi nzuri hukauka haraka, anahitaji muda kuikubali subira hiyo, na ratiba ya mradi iliyoandikwa ofisini kwa kufuata mwaka wa fedha mara nyingi hailingani nayo.

Miti ni suala gumu zaidi kuliko watu wanavyodhani. Mzizi unaoingia kwenye mwanya wa ukuta hupanua mwanya huo kila mwaka, na kishawishi cha kwanza ni kuung'oa. Lakini mzizi mkubwa ulioishi ukutani kwa miaka mingi umekwisha kuwa sehemu ya kinachoyashikilia mawe, na ukivutwa huja na ukuta. Njia salama ni kukata mti juu, kuua kisiki polepole, kuusubiri mzizi uoze, na kujaza nafasi yake chokaa laini kadiri inavyofunguka. Husuni Kubwa, iliyojengwa juu ya ukingo mrefu unaoitazama bahari, inatuweka katika hali ngumu kuliko hiyo: mimea iliyoota kwenye mteremko inapunguza nguvu ya maji ya mvua yanayochimba udongo chini ya jumba, na mizizi ya mimea hiyo hiyo inavunja kuta zilizo juu. Ukifyeka yote unauachia mvua mteremko, na ukiacha yote unaiachia mizizi kuta. Hakuna kanuni moja inayotatua hilo. Mtaalamu hulazimika kutembea mteremko hatua kwa hatua, akiacha majani na vichaka vyenye mizizi mifupi, akiondoa miti kwenye mawe, na kuelekeza maji ya juu kwenye mifereji kabla hayajafika ukingoni.

Hali hiyo ya Husuni Kubwa, pamoja na bahari iliyokuwa ikila ufukwe karibu na Gereza, ngome ya Wareno ambayo Waomani waliijenga upya baadaye, ilikuwa miongoni mwa sababu zilizofanya Kilwa Kisiwani na magofu ya kisiwa jirani cha Songo Mnara, zilizoandikishwa pamoja kuwa Urithi wa Dunia mwaka 1981, ziingizwe katika orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004. Wapo walioipokea hatua ile kama fedheha kwa nchi. Mimi siioni hivyo hata kidogo, kwa sababu Mkataba wa Urithi wa Dunia wa mwaka 1972, ambao Tanzania iliuridhia mwaka 1977, uliiweka orodha hiyo ili kuita msaada, na msaada ulikuja: kuta za Gereza zilitegemezwa na kukarabatiwa, mipaka ya eneo ikashughulikiwa, mafundi wakafunzwa kazi ya chokaa, na wakazi wakapanda mikoko ili kuvunja nguvu ya mawimbi. Mwaka 2014 eneo hilo liliondolewa katika orodha ya hatari.

Mikoko hiyo inanifurahisha zaidi ya kila kitu kilichofanyika, kwa kuwa inalinda jengo bila kuligusa, na inatunzwa na watu wanaoishi hapo. Kilwa Kisiwani ni kijiji, wala si makumbusho yaliyozungushiwa uzio; watu wanalima kati ya kuta, mbuzi wanapita uani mwa majumba, na yapo makaburi yanayozuriwa. Mpango wa usimamizi unaomwona mkazi kuwa tishio kwa magofu utamkosa siku ya kufyeka na siku ya kutoa taarifa kwamba ufa fulani umepanuka. Djenné nchini Mali, katika mji ulioandikishwa mwaka 1988, msikiti mkuu wa udongo uliojengwa upya mwaka 1907 hupakwa tope jipya kila mwaka na wananchi wenyewe chini ya uongozi wa waashi wao, na vijiti vinavyochomoza kutoka kwenye kuta zake hutumika kama ngazi za kazi hiyo. Magofu hayana waumini wa kuwaita kwa wingi namna hiyo, lakini yanaweza kuwa na waashi wao wa kudumu, waliozaliwa kijijini, wanaolipwa kila mwaka badala ya kuajiriwa mradi unapokuja na kuachwa unapokwisha. Mamlaka ya Usimamizi wa Wanyamapori Tanzania (TAWA), iliyokabidhiwa usimamizi wa Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, ina uzoefu wa doria na wa kupokea wageni, na uzoefu huo una faida. Ninachosisitiza ni kwamba mwashi wa chokaa awe katika orodha ya wafanyakazi kama alivyo askari wa hifadhi.

Mara kwa mara huulizwa kwa nini tusiijenge tena Kilwa ilivyokuwa, watalii waone jumba lenye paa. Hati ya Venice ya mwaka 1964, mwongozo wa kimataifa uliofuata ule wa Athens, inasema ukarabati ukome pale kisio linapoanza, nami nakubaliana nayo kwa majengo haya, kwa kuwa hatujui urefu wa kuta nyingi za Husuni Kubwa wala namna zilivyomaliziwa juu. Makaburi ya watakatifu ya Timbuktu, yaliyobomolewa mwaka 2012, yalijengwa upya kwa haki kabisa na waashi wa mji wenyewe, ambao mikono yao ilikuwa bado inaijua kazi hiyo. Kilwa haina mwendelezo wa namna hiyo.

Kinachonisumbua kwa sasa ni mahali pa kupata chokaa. Tumbawe hai la baharini halifai kuguswa, mikoko iliyozoeleka kuchomea tanuri ndiyo tunayoipanda kuzuia bahari, na chokaa ya viwandani inayofika madukani imekwisha kuzimwa, yaani kutiwa maji, na pengine imekaa kwenye mifuko hadi nguvu yake ikapungua. Njia ninayoipendekeza ni tanuri dogo lililofungwa vizuri bara, linalochoma jiwe la matumbawe ya kale ya nchi kavu kutoka machimbo yaliyoruhusiwa, kwa vifuu vya nazi na kuni za miti iliyopandwa, na chokaa yake ihifadhiwe ndani ya maji katika mashimo kwa miezi kadhaa kabla ya kutumika, kwa sababu kadiri inavyokaa ndivyo inavyolainika. Tanuri moja la aina hiyo likijazwa kabla ya masika kila mwaka lingetosha matengenezo ya kawaida ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, na kilichobaki kingeuzwa kwa wenye nyumba za mawe kwingineko pwani ambao leo wananunua saruji kwa kukosa kingine.