Darubini inayoogopa joto lake yenyewe

Watu wakiona picha za darubini ya James Webb huniuliza kwanza kuhusu rangi. Laiti wangeniuliza kuhusu baridi.

Data ninazochambua ni za infraredi, nuru yenye mawimbi marefu kuliko ya rangi nyekundu. Macho yetu hukomea nanomita 700 hivi; Webb hufika mikromita 28, yaani nanomita 28,000. William Herschel aliigundua nuru hii mwaka 1800 kwa kipimajoto tu: alitawanya mwanga wa jua kwa mche wa kioo, akaweka kipimajoto ng'ambo ya nyekundu, pasipoonekana rangi yoyote, nacho kikapanda.

Kasheshe inaanzia hapo. Kila chenye joto hutoa infraredi, ikiwemo darubini yenyewe. Kuitumia bila kuipoza ni kama kusaka kimulimuli huku tochi inakumulika usoni. Ndiyo maana Webb ipo kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, imejikinga nyuma ya ngao ya matabaka matano, takriban mita 21 kwa 14. Upande wa jua joto huweza kupita nyuzi 80 za Selsiasi. Upande wa vioo ni kama nyuzi 230 chini ya sifuri. Hata baridi hiyo haikitoshi chombo cha MIRI, kinachopokea mawimbi marefu kuliko vyote: hupozwa kwa heliamu hadi chini ya kelvini 7, yaani kama nyuzi 266 chini ya sifuri.

Gharama hiyo inalipa. Infraredi hupenya mawingu ya vumbi ambamo nyota huzaliwa. Tena, galaksi za mbali sana zilitoa urujuanimno, nuru yenye mawimbi mafupi kuliko ya zambarau, lakini ulimwengu umetanuka njiani na kuyavuta mawimbi hayo, yakatufikia yakiwa infraredi.

Eksirei, nuru yenye mawimbi mafupi zaidi, zina ukaidi mwingine. Zikipiga kioo uso kwa uso, humezwa. Zikipita kwa kukiparaza, huteleza na kukusanyika. Basi vioo vya Chandra, darubini ya eksirei iliyorushwa angani Julai 1999, ni mapipa yaliyopachikwa moja ndani ya jingine, yamepakwa metali ya iridiamu. Angahewa huzizuia eksirei kabisa, kwa hiyo hapa duniani ingekuwa kipofu. Kila chembe ya nuru inayoingia huandikiwa mahali, wakati na nishati yake. Picha yake rasmi ya kwanza, ya Cassiopeia A, mabaki ya nyota iliyolipuka, ilionyesha kitone katikati ambacho hakuna aliyekuwa amekiona: kiini cha nyota ile, ambacho sasa tunajua ni nyota ya neutroni, yaani nyota ndogo iliyoshindiliwa mno.