Kevin Halikuwa Jina Adimu: Dhana Potofu Kuhusu Kumpa Mtoto Jina Ujerumani

Dhana: Jina adimu ndilo linalomponza mtoto.

Hii ndiyo inayochosha kuliko zote, na kila mzazi anayeirudia huleta ushahidi uleule: Kevin. Haya, tumtazame huyo Kevin. Mwaka 1991, filamu moja ya Marekani yenye mhusika mkuu aitwaye Kevin ilipotamba kwenye kumbi za sinema za Ujerumani, Kevin lilikuwa kati ya majina yaliyoongoza kwa watoto wa kiume. Uadimu uko wapi hapo? Kilicholiponza ni kwamba watu walianza kulihusisha na familia za kipato cha chini, na waliojiona wasomi wakaligeuza dhihaka.

Mwaka 2009 utafiti wa Chuo Kikuu cha Oldenburg uliwauliza walimu wa shule za msingi wanayaonaje majina ya wanafunzi. Charlotte, Sophie, Maximilian na Jakob yalisifiwa. Kevin, Justin, Chantal na Mandy yalihusishwa na utundu na kufanya vibaya darasani. Mwalimu mmoja aliandika kwamba Kevin si jina, ni ugonjwa uliokwisha kupimwa. Isome tena orodha hiyo ya pili: hakuna jina adimu hata moja. Mandy lilijaa Ujerumani Mashariki ya zamani.

Kwa hiyo acheni kuuliza "wangapi wanaitwa hivi?" Ulizeni wenye jina hilo wamezaliwa lini na wametoka familia za namna gani. Ottilie ni adimu na halimdhuru mtoto. Horst linajulikana na kila mtu, lakini mitaani maana yake ni mjinga. Majina ya kale nayo yana zamu yake: Emma, Emil, Anton na Frieda, majina ya mabibi na mababu waliokwisha kufariki, yamerudi kwa nguvu. Heike, Uwe na Jürgen, ya watu wanaostaafu sasa, bado yananuka uzee. Anayemwita mtoto Jürgen kwa sababu "ni Kijerumani safi" amempa jina la babu wa jirani.

Dhana: Serikali ina orodha ya majina yanayoruhusiwa.

Haina. Ofisi ya usajili, Standesamt, huangalia zaidi kama jina litamdhuru mtoto. Mwaka 2017 wazazi wa Kassel walitaka Lucifer. Wakaishia kukubali Lucian. Pumuckl, jina la kijitu cha hadithi za watoto, lilipitishwa na mahakama ya Zweibrücken mwaka 1983. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Katiba wa mwaka 2008 kuhusu jina Kiran, jina halilazimiki kuonyesha jinsia. Idadi ndiyo ina kikomo: mama aliyetaka majina kumi na mawili aliruhusiwa matano, na mwaka 2004 mahakama hiyohiyo ikakubaliana na kikomo hicho.

Uzazi huripotiwa ndani ya wiki moja, na jina likichelewa mna mwezi mmoja. Mkikataliwa, msigombane dirishani. Ombeni maoni ya kitaalamu, kwa malipo, kutoka Gesellschaft für deutsche Sprache, chama cha lugha ya Kijerumani, au kitengo cha majina cha Chuo Kikuu cha Leipzig. Yakishindikana, nendeni Amtsgericht, mahakama ya ngazi ya chini.

Dhana: Likimchosha tutalibadilisha.

Sheria ya kubadilisha majina, ya mwaka 1938, inadai sababu nzito, na "silipendi" si sababu nzito. Tangu Novemba 2018 mtu anaweza kupanga upya mfuatano wa majina yake kwa tamko tu, lakini haruhusiwi kwa njia hiyo kuongeza, kufuta wala kugeuza tahajia. Ndiyo maana nasisitiza bila kuchoka: mkitaka jina la ajabu, wekeni na la kawaida pembeni yake. Kisheria yote yana uzito sawa, na mtoto atatumia analotaka.

Dhana: Jina la Kijerumani litamfungulia milango ya kazi.

Jina la ukoo nalo liko juu ya karatasi hiyohiyo ya maombi ya kazi. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Konstanz walituma maombi ya mafunzo kazini yanayolingana, mengine kwa majina kama Tobias Hartmann, mengine Serkan Sezer. Wenye majina ya Kijerumani waliitwa na waajiri zaidi kwa asilimia 14, na kwenye kampuni ndogo asilimia 24. Ila maombi yalipoambatanishwa barua za waajiri wa zamani zinazosifu tabia ya mwombaji, pengo liliyeyuka. Hangaikieni barua hizo kuliko jina.

Dhana: Majina ya Kiswahili yanasomeka kwa urahisi popote.

Mjerumani husoma J kama Y, W kama V, Z kama "ts", na S ikitangulia irabu huwa Z. Juma huitwa Yuma, Zawadi huwa Tsavadi, Salma huwa Zalma. Andikeni jina kwenye karatasi, wapeni Wajerumani watatu ambao hawajawahi kulisikia, walisome kwa sauti. Kisha lisomeni kwa simu, mwone mara ngapi mtaombwa kutaja herufi mojamoja. Amina, Imani na Baraka hupita bila kuguswa.