Lete Mtoto Nimpakate: Dhana Potofu na Ukweli Kuhusu Wema kwa Tusiowajua

Katika daladala inayotoka stendi ya Kange kwenda mjini Tanga, mama aliyesimama, mkono mmoja ukimbeba mtoto na wa pili ukishika bomba, husikia sauti kutoka kitini: "Lete mtoto nimpakate, mama." Mtoto hukabidhiwa kwa mtu asiyepata kumwona, ndala moja ikining'inia kidoleni, na aliyempakata huwa ameshasahau kabla ya kufika Ngamiani. Kusahau huko ndiko kunakozaa dhana potofu ya kwanza, kwamba jambo dogo namna hiyo halina uzito kwa anayetendewa.

Ukweli ni kwamba mtendaji na mtendewa hawatumii mizani moja. Watafiti Amit Kumar na Nicholas Epley, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2022, waliwapa watu kikombe cha chokoleti ya moto kwenye uwanja wa kuteleza barafuni mjini Chicago, wakawaachia hiari ya kumpa mtu wasiyemjua. Waliotoa waliikisia furaha ya wapokeaji kuwa ndogo kuliko ilivyokuwa, kwa sababu wao walitazama thamani ya kikombe, ilhali mpokeaji alihesabu pia ukunjufu wa kukumbukwa na mtu asiyemdai lolote. Mama wa daladala naye hahesabu dakika alizopumzisha mkono tu. Anahesabu kwamba katika gari lililoshona watu, kuna mmoja aliyemwona.

Dhana ya pili husema kwamba kumwomba usiyemjua ni kumsumbua, na kwamba wengi watakataa. Mgeni huzunguka barabara za namba za Ngamiani akitafuta nyumba, akawapita mara mbili wazee wanaocheza bao barazani, haya zikimzuia kuuliza. Francis Flynn na Vanessa Lake walionyesha mwaka 2008 jinsi hofu hiyo inavyotia chumvi: washiriki waliotakiwa kupata watu 5 wa kujaza dodoso walikisia kwamba wangelazimika kuomba watu 20 hivi, lakini iliwatosha kuomba 10 hivi. Nadhani wazee wa baraza wangeishusha hesabu hiyo zaidi, maana ukiwauliza nyumba humwita mjukuu akufikishe mlangoni.

Wapo pia wanaoishika methali ya "mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe" kama ruhusa ya kumkunjia uso kila mgeni. Methali hiyo inamhusu aliyelala nyumbani mwako, si mpita njia anayeuliza Barabara ya 12.

Dhana ya mwisho ni kwamba mwenye roho nzuri husaidia na mwenye roho mbaya hupita. Mwaka 1973 John Darley na Daniel Batson waliwapitisha wanafunzi wa seminari ya Princeton mbele ya mtu aliyejikunyata mlangoni akikohoa. Kati ya waliokuwa na nafasi, asilimia 63 walimsaidia. Kati ya waliohimizwa kwamba wamechelewa, asilimia 10 tu, ingawa baadhi yao walikuwa njiani kwenda kuzungumzia habari ya Msamaria Mwema. Hata pale Kange, anayekunyanyulia kiroba mara nyingi ni yule ambaye basi lake bado halijajaa.