Mtoto anayenyamaza kwenye kipindi cha Kiingereza si mvivu

Malalamiko tunayopokea siku hizi katika ofisi yetu ya elimu yanafanana: mtoto anafaulu mtihani wa kuandika, lakini akiambiwa azungumze Kiingereza hafungui mdomo. Mzazi anaomba tumwagize mwalimu amkazie. Ombi hilo hatulikubali.

Mwaka 1959, wanasaikolojia Robert Gardner na Wallace Lambert, waliochunguza wanafunzi waliokuwa wakijifunza Kifaransa mjini Montreal, Kanada, walionyesha kwamba kipaji peke yake hakitoshi. Hamu ya kuwa karibu na wenye lugha nayo ina uzito. Lakini kwa mtoto anayejifunza Kiingereza kama lugha ya kigeni, wenye lugha hao hawapo mtaani kwake. Ndiyo maana wazo la mtafiti wa ujifunzaji wa lugha, Zoltán Dörnyei, la mwaka 2005 linamfaa zaidi: mwanafunzi husukumwa na picha ya mtu anayetamani kuwa. Picha hiyo huvunjika upesi.

Nilikaa darasani siku moja, msichana wa miaka 10 akasoma neno la Kiingereza la kisiwa, "island", na kuitamka ile herufi s ambayo huandikwa lakini haitamkwi. Darasa likacheka. Kipindi kizima alijibu kwa kutikisa kichwa. Mapumziko yalipofika nilimkuta nje akiwasimulia wenzake kisa kirefu kwa lugha ya kwao, mikono yote ikienda.

Huyo akaziwe nini?

Tuache pia kusema lugha ya nyumbani inaharibu Kiingereza. Haiharibu. Lafudhi nayo si kosa: viwango vya Baraza la Ulaya vya kupima ujuzi wa lugha, katika nyongeza yake ya mwaka 2020, hupima matamshi kwa kuangalia kama msemaji anaeleweka.

Mtoto akidhihakiwa au kuadhibiwa kwa lafudhi au kwa lugha ya kwao, mwandikie kwanza mkuu wa shule. Taja tarehe, kipindi, maneno yaliyosemwa na waliokuwapo, kisha ubaki na nakala iliyogongwa muhuri. Barua isiyo na tarehe hurudishwa. Usipojibiwa, tuletee nakala hiyo. Inayokuja kwetu bila kupitia shuleni nayo hurudishwa. Ikithibitika, mwalimu hupewa onyo la maandishi linalowekwa kwenye faili lake.

Nyumbani, kabla ya kuuliza amepata alama ngapi, muulize angependa kufanya nini kwa Kiingereza. Mwalimu wa yule msichana alimwomba kisa kilekile cha mapumziko, sentensi tatu tu za Kiingereza, amsimulie rafiki yake mmoja pembeni. Alisimulia tano.