Anza na ndoana, fimbo itafuata: kuchagua vifaa vya kumvulia besi

Wengi wanaoanza kumvua besi, samaki mwindaji wa mito na maziwa, hununua fimbo kwanza, kisha rili (kifaa cha kukunjia mshipi) ya kuifaa, kisha mshipi wowote uliopo, na mwisho huchagua chambo bandia kwa kuvutiwa na rangi yake. Mimi nashauri uende kinyume. Shika chambo mkononi, itazame ndoana yake, jiulize inahitaji nguvu kiasi gani ili ipenye taya la samaki. Jibu litakuonyesha mshipi, na mshipi utakuonyesha fimbo.

Besi mdomo mkubwa ni mviziaji. Hujibanza kando ya gogo, chini ya majani yaelayo au kwenye ukingo wa magugu, na windo likipita hufungua kinywa ghafla na kulifyonza pamoja na maji. Akihisi kitu kigumu kisicho chakula, hukitema papo hapo. Binamu yake, besi mdomo mdogo, hupenda mawe, maji ya baridi zaidi na mkondo, na mara nyingi huvuliwa kwa vyambo vidogo na mishipi myembamba. Kuwatofautisha ni rahisi: kinywa kikiwa kimefungwa, taya la mdomo mkubwa hupita nyuma ya jicho, la mdomo mdogo huishia chini yake.

Watu hudhani vifaa vizito ni kwa ajili ya samaki wazito. Rekodi ya dunia ya mdomo mkubwa ni takriban kilo 10.1: George Perry aliiweka Georgia, Marekani, mwaka 1932, na Manabu Kurita akaifikia katika Ziwa Biwa, Japani, mwaka 2009. Ukivua kwenye maji ya wazi, hata besi wa kilo 3 humhitaji mvuvi mwenye subira tu na mshipi wa wastani. Kinacholazimisha fimbo ngumu ni unene wa ndoana na wingi wa magugu.

Ndoana moja nene

Chukua mnyoo wa plastiki laini uliofungwa kwa mtindo wa Texas, yaani ncha ya ndoana ikiwa imefichwa ndani ya plastiki. Kwa mnyoo wa sentimita 15 hadi 18, ndoana pana yenye kiwiko shingoni, namba 3/0, inatosha. Mnyoo ukiwa mnene au mrefu zaidi, panda hadi 4/0 au 5/0. Tanguliza chubwi yenye umbo la risasi ya bunduki kwenye mshipi, ncha yake nyembamba ikielekea kwenye fimbo, kisha funga ndoana. Choma katikati ya kichwa cha mnyoo, ingia kama milimita 6, toka ubavuni, vuta mpaka kichwa kikae kwenye kiwiko. Geuza ndoana ili ncha iutazame mwili. Sasa uache mnyoo uning'inie sambamba na ndoana, uangalie mpindo wa ndoana unaangukia wapi: hapo ndipo utakapochoma. Kunja mnyoo kidogo, penyeza ncha hadi upande wa pili, kisha ifiche chini ya ngozi tu.

Hapa ndipo makosa mengi hutokea. Ukichoma mbele mno au nyuma mno, mnyoo hupinda, na mnyoo uliopinda huzunguka majini na kuusokota mshipi. Ukiizamisha ncha ndani ya nyama ya plastiki, utavuta kwa nguvu zote na samaki ataondoka bila jeraha. Na ndoana ikiwa ndogo kuliko unene wa mnyoo, plastiki itajazana kati ya shina na ncha, hivyo ncha haitapata nafasi ya kuingia.

Chubwi ya wakia 3/16 hadi 1/4 (gramu 5 hadi 7) yatosha kwenye kina cha chini ya mita 3. Kwenye kina zaidi au magugu mazito, tumia wakia 3/8 au 1/2, na uizuie kwa kizibo kidogo cha mpira ili isitengane na mnyoo. Tangsteni ni nzito kuliko madini ya risasi kwa ujazo uleule, kwa hiyo chubwi yake huwa ndogo, hupenya magugu vizuri na huleta hisia kali zaidi ikigonga jiwe. Kagua ukingo wa tundu lake kabla ya kufunga. Ukiwa mkali utaukata mshipi.

Ncha ya ndoana hii inapaswa kupasua plastiki kwanza, kisha taya. Hiyo ni kazi ya fimbo nzito kiasi (yaani ngumu kiasi), iliyoandikwa MH, inayopinda karibu na ncha tu, yenye urefu wa futi 7 hivi. Mshipi uwe flurokaboni, aina ya plastiki inayozama, ya paundi 15 (paundi ni uzito ambao mshipi huhimili kabla ya kukatika). Rili yenye uwiano wa 7:1 au zaidi (spuli, gurudumu linaloshika mshipi, huzunguka mara 7 kwa kila mzunguko wa mkono) inafaa, kwa sababu mnyoo huchezeshwa kwa fimbo huku rili ikikusanya mshipi uliolegea. Fimbo hiyo hiyo na mshipi huo huo hubeba jigi (ndoana yenye kichwa kizito cha chuma) ya wakia 3/8 au 1/2 bila kubadilisha chochote.

Ndoana za makucha matatu

Samaki bandia wa mbao au plastiki ngumu mwenye ulimi mbele, anayepiga mbizi ukimvuta, hubeba ndoana mbili za makucha matatu. Waya wake ni mwembamba, hivyo hupenya kwa urahisi, lakini hushika ngozi kidogo tu. Ukimvuta kwa fimbo ngumu na mshipi usionyumbuka, tundu hupanuka na samaki akiruka anachomoka. Kwa chambo hiki nachagua fimbo ya wastani, iliyoandikwa M, inayopinda hadi katikati. Za nyuzi za kioo au mchanganyiko wa kioo na kaboni ni bora kuliko kaboni tupu. Rili iwe ya taratibu, 5:1 hadi 6:1. Samaki akishika, usinyanyue fimbo kwa ghafla. Endelea kuzungusha rili na uielekeze fimbo ubavuni mpaka ijae uzito.

Mshipi hapa ni flurokaboni ya paundi 10 hadi 12. Mshipi mnene huyapinga maji na kukizuia chambo kufika kina kilichoandikwa kwenye pakiti. Anayelalamika kwamba chambo chake cha mita 3 hakigusi chini, aangalie kwanza mshipi wake, kisha umbali anaorusha: chambo kinahitaji nafasi ya kushuka kabla hakijaanza kupanda kurudi kwake.

Chura wa mpira ni habari nyingine kabisa. Ndoana zake mbili nene huukumbatia mgongo ili zisinase majani, na hutembezwa juu ya zulia la magugu. Hapa usibane matumizi: fimbo nzito ya futi 7 na zaidi, mshipi wa kusuka wa paundi 50 hadi 65, breki ya mshipi imekazwa karibu kabisa. Mshipi wa kusuka huyakata magugu kama msumeno, na samaki hapati nafasi ya kupiga mbizi. Maji yakilipuka, tulia mpaka uhisi uzito, ndipo ukite. Anayevuta kwa kushtuliwa na sauti humnyang'anya besi chambo kabla hajafunga kinywa.

Mishipi mitatu

Nailoni ina unyumbufu mwingi na huzama polepole sana. Ndiyo maana inafaa kwa vyambo vya juu ya maji vyenye makucha matatu, paundi 12 hadi 15. Flurokaboni ina uzito wa takriban gramu 1.78 kwa sentimita ya ujazo, hivyo huzama. Ukiifunga kwenye chambo cha juu ya maji, huvuta pua yake chini na kuua mwendo wake. Hupindisha mwanga karibu na kiwango cha maji (1.42 dhidi ya 1.33), kwa hiyo haionekani kirahisi. Wauzaji husema hainyumbuki. Hunyumbuka, tena vizuri tu. Sifa yake halisi ni kuzama na kuvumilia mikwaruzo ya mawe.

Mshipi wa kusuka ni nyuzi za polithini. Huelea, haunyumbuki kwa kiasi cha kuhisiwa, na wa paundi 30 una unene unaokaribia nailoni ya paundi 8. Kwa sababu ya wembamba huo, usiuchague kwa kulinganisha paundi na nailoni. Soma kipenyo kwa milimita. Huteleza kwenye spuli tupu na kuizunguka bila kushika, hivyo tanguliza mizunguko michache ya nailoni chini yake. Jaza spuli mpaka milimita 2 au 3 chini ya ukingo. Ukizidisha, mizunguko humwagika na kufunga mafundo. Ukipunguza, hutarusha mbali.

Kwa maji maangavu, fimbo ya rili ya spina (inayoning'inia chini ya fimbo, spuli yake haizunguki unaporusha), iliyoandikwa M au ML (nyepesi kiasi), ibebe mshipi wa kusuka wa paundi 10 hadi 15 wenye kipande cha flurokaboni cha paundi 8 hadi 10, urefu wa mita 2. Funga kono la waya la rili, linaloongoza mshipi kwenye spuli, kwa mkono baada ya kurusha, kisha vuta mshipi uliolegea kabla ya kuzungusha. Mafundo mengi ambayo watu huyalaumu kwa upepo huanzia pale. Kwa mwenye uwezo wa kununua fimbo moja tu, hii ndiyo nampendekezea, M ya futi 7. Hurusha mnyoo mwepesi uliochomwa katikati, jigi ndogo na samaki bandia wadogo. Kwa chura na magugu mazito, asiitumie.

Kabla ya kulipa, soma maandishi yaliyo juu ya mpini. Nguvu ya fimbo na mahali inapopindia ni mambo mawili tofauti, na wauzaji wengi huyachanganya. Uzito wa chambo huandikwa pia, kwa mfano wakia 1/4 hadi 5/8. Fimbo hurusha vizuri zaidi katikati ya kiwango hicho. Unapojumlisha, usihesabu chubwi peke yake, mnyoo nao una uzito. Pitisha kipande cha pamba ndani ya kila pete. Kikinasa, pete ina ufa, na ufa utaukata mshipi.

Rili yenye spuli ya kulala juu ya fimbo huhitaji breki ya kurusha irekebishwe kila unapobadili chambo. Bonyeza kitufe, acha chambo kishuke. Kaza mpaka kishuke taratibu na spuli isimame chambo kikigusa chini. Ukirusha dhidi ya upepo, ongeza kidogo.

Rangi haistahili muda mwingi. Maji maangavu yanataka kijani-kahawia chenye uwazi. Maji ya tope yanataka nyeusi na bluu, au chambo chenye bapa linalotikisa maji ili besi akihisi bila kukiona.

Fundo ninaloliamini kwa mishipi yote mitatu ni palomari. Kunja sentimita 15 za mshipi, pitisha kitanzi kwenye tundu la ndoana, funga fundo la kawaida bila kulikaza, pitisha chambo chote ndani ya kitanzi, loanisha kwa mate, kaza polepole ukivuta nyuzi zote mbili. Flurokaboni ikikazwa kavu hupata joto na kudhoofika palepale. Mshipi ukikatika, usiutupe kabla ya kutazama ncha iliyobaki. Ikiwa imejikunja kama mkia wa nguruwe, fundo liliteleza, funga upya. Ikiwa imechanika nyuzinyuzi au ina mikwaruzo, ni mawe au magogo; kata mita moja kabla ya kufunga tena. Ikiwa imekatika wima na safi, rudi kwenye pete za fimbo na kwenye tundu la chubwi.